Mafuta ya habasoda, karafuu na mwarobaini: yapi yanasaidia uvimbe na maumivu, na yapi yanaweza kukuumiza

Ukiingia duka lolote la dawa za asili, iwe Kariakoo, Darajani au Marikiti kule Mombasa, utakuta vichupa vimepangwa mstari mmoja, habasoda, karafuu, mkaratusi, mwarobaini, nyonyo, zeituni, na ukimwambia muuzaji magoti yanakuuma au mtoto ana pumu ya ngozi atakunyooshea kimoja hapo na kukwambia paka, na unywe kijiko asubuhi na jioni. Mimi sipingi mafuta ya mimea, tena naomba niseme mapema kabisa kwamba baadhi yana ushahidi wa kueleweka. Ninachokipinga ni hiyo "paka na unywe". Vile vichupa vinafanana kwa nje tu, ndani kuna vingine unaweza kula na chakula kila siku na kuna vingine vijiko viwili vya chai vinatosha kumuua mtoto, na wanaokosea wala sio watu wajinga, mara nyingi ni mama anahangaika na mwanae saa nane usiku na hospitali iko mbali.

Tuanze na namna yanavyotengenezwa maana usalama wake unaanzia hapo. Kuna mafuta ya kukamua, mbegu au tunda linaminywa mpaka linatoa mafuta, ndo unapata nazi, ufuta, zeituni, nyonyo, parachichi, habasoda na mwarobaini. Haya ni mazito, ukidondoshea tone kwenye karatasi linaacha doa ambalo halikauki. Halafu kuna mafuta ya mvuke, hapa mmea unapikwa kwa mvuke, mvuke unapitishwa kwenye bomba la baridi, unarudi kuwa maji na mafuta yanajitenga pembeni. Pale Wawi, Chake Chake kisiwani Pemba, kuna kiwanda kinafanya kazi hiyo na makonyo, vile vikonyo vinavyobaki watu wakishachambua karafuu zao. Karafuu, mkaratusi, mchaichai, mdalasini, titrii (yale ya mti wa Australia unaoitwa tea tree), yote ni ya kundi hili. Ni mepesi, harufu inakupiga ukifungua tu kifuniko, na ni makali mno kwa sababu mzigo mkubwa wa majani au makonyo umeishia kwenye kichupa kidogo. Mafuta ya karafuu asilimia 70 mpaka 90 ni kemikali moja tu inaitwa yujinoli, kwa hiyo mtu anayesema "si karafuu tu, hata kwenye pilau tunaweka" hajaelewa anachokishika, zile karafuu tano sita za kwenye sufuria na kijiko cha mafuta yake haviko hata karibu. Aina ya tatu ni ya kuloweka, majani au mizizi inakaa ndani ya mafuta ya nazi au ufuta wiki kadhaa, haya nguvu yake inategemea aliyeyatengeneza na kilichomo, basi.

Sasa tuje kwenye uvimbe wenyewe. Ukijikata, pale panakuwa pekundu, panapata joto, panavimba, panauma, huo ni mwili unajitetea na ni jambo zuri. Kati ya kemikali zinazoleta hayo maumivu kuna zinazoitwa prostaglandini, na mwaka 1971 mwanasayansi John Vane wa Uingereza alionyesha kwamba aspirini inafanya kazi kwa kuzuia zisitengenezwe, kazi iliyochangia kumpatia tuzo ya Nobel mwaka 1982. Ibuprofeni na diklofenaki zinapita njia hiyohiyo. Shida inakuja pale uvimbe unapokataa kuisha, kinga ya mwili inageuka inashambulia viungo vyako (hiyo ndo baridi yabisi kali, ambayo vidole vinaanza kupinda), au ngozi ikawa soriasi, yaani mabaka mekundu yenye magamba, au njia za hewa ikawa pumu. Na hapa naomba tuelewane vizuri, sio kila goti linalouma ni ugonjwa huo. Goti la bibi wa miaka 70 mara nyingi ni gegedu imechoka, kidole gumba cha mguu kinachowaka ghafla usiku kinaweza kuwa jongo, yaani asidi ya yuriki imeganda kwenye kiungo. Magonjwa matatu tofauti na tiba tofauti, alafu mtu anauza chupa moja imeandikwa "dawa ya viungo vyote". Kabla hujauliza mafuta gani, uliza kwanza una ugonjwa gani.

Habasoda ndo inabidi tukae nayo kwa muda, kwa sababu ndo inayotumika kuliko yote ukanda wetu huu mpaka Oman, na kwa Waislamu ina uzito wa dini juu yake. Hadithi iko kwenye Bukhari, kwamba ndani ya mbegu hii nyeusi mna shifaa ya kila ugonjwa isipokuwa mauti, na mimi siwezi kuichezea hadithi. Ila nawakumbusha wanaoitumia kumzuia mgonjwa asiende hospitali kwamba wanazuoni wa zamani waliijadili sana, al-Khattabi kwa mfano aliona maneno ni ya jumla ila yanayokusudiwa ni aina fulani ya maradhi, na wengine wakaeleza inatumika kivyake au kwa kuchanganywa na vingine kutokana na ugonjwa. Maana yake hata wao suala la nani, kiasi gani na kwa namna gani walilipa nafasi yake.

Kisayansi kitu kinachozungumziwa sana ndani yake ni thaimokwinoni. Mwaka 1995 watafiti wa London walionyesha kwamba kwenye maabara inazuia seli za kinga zisitengeneze kemikali za uvimbe, zikiwemo hizohizo za njia ya aspirini. Habari nzuri, lakini ni maabara. Ukimeza, thaimokwinoni haiyeyuki vizuri kwenye maji na ini linaivunja haraka, kwa hiyo kinachofika kwenye goti lako ni kidogo sana ukilinganisha na kile kilichomwagwa juu ya seli kwenye kisahani. Karibu kila tangazo la "imethibitishwa kisayansi" unaloliona limesimama kwenye kisahani hicho au kwenye panya, na watu hawaambiwi.

Kwa binadamu je? Upo ushahidi, mdogo ila upo. Mwaka 2012 ilichapishwa kazi kutoka Misri, wanawake 40 wenye baridi yabisi walipewa kwanza vidonge visivyo na dawa mwezi mmoja, halafu vidonge vya mafuta ya habasoda miligramu 500 mara mbili kwa siku mwezi mwingine. Madaktari wana alama za kupima ukali wa ugonjwa kwa kuangalia viungo 28, na hizo alama zikashuka kutoka karibu 5 mpaka kama 4.5. Zimeshuka, sawa, na asubuhi viungo vilikaza kwa muda mfupi zaidi. Lakini ili daktari aseme ugonjwa umetulia alama inatakiwa iwe chini ya 2.6, kwa hiyo hao kina mama walipata nafuu na bado walikuwa wagonjwa. Pia wote walipitia dawa baada ya kidonge tupu, hakukuwa na kundi la pembeni la kulinganisha kwa wakati mmoja. Saudi Arabia nako mwaka 2017 watu 80 wenye pumu waligawanywa makundi mawili, waliopata mafuta hayo kwa wiki nne wakaripoti pumu yao imedhibitika vizuri zaidi, huku wakiendelea na inhela zao. Na Iran walijaribu kuwapaka wazee kwenye goti wakalinganisha na kumeza paracetamol, kupaka kukafanya vizuri. Ukiziweka pamoja hizo zote mimi nasoma hivi, habasoda inaweza kuwa msaidizi mzuri wa dawa uliyopewa, hakuna mahali imeonyeshwa inachukua nafasi ya dawa hiyo. Na kwenye baridi yabisi kuchelewa ni jambo baya sana, kiungo kikishaliwa hakirudi, ile miezi ya mwanzo ndo dawa kama methotrexate inaokoa vidole, ukiimalizia kwenye kijiko cha mafuta umeipoteza.

Halafu kipimo. Hizo tafiti za Misri na Saudi zilitumia gramu 1 kwa siku. Kijiko kimoja cha chai kina mililita 5, mafuta ya kukamua hapo yana uzito wa gramu 4 na nusu hivi. Kwa hiyo "kijiko asubuhi na jioni" ni mara tisa ya kile kilichopimwa, na wapo wanaotumia kijiko kikubwa kile cha kulia wali! Kwa mtu mzima mwenye afya njema pengine ataishia tumbo kuchafuka tu. Lakini habasoda inashusha sukari na inashusha presha, kitu ambacho wauzaji wanakisema kama sifa, na ni sifa kweli mpaka umkute mtu anayetumia insulini au vidonge vya sukari, hapo sukari inaweza kushuka kupita kiasi akaanza kutetemeka, jasho, akaanguka. Anayetumia warfarini ya kuyeyusha damu naye asiiguse bila kumwambia daktari, anayesubiri operesheni aache wiki mbili kabla. Kuna ripoti ya kitabibu ya mgonjwa wa kisukari aliyetumia vidonge vyake gramu 2 na zaidi kwa siku na figo zikafeli ndani ya siku chache, ni mgonjwa mmoja, siwezi kusema ndo kawaida, ila ukiwa tayari una figo mbovu hilo likutoshe kuuliza kwanza. Mjamzito kunyunyizia mbegu kwenye mkate hakuna neno, kunywa mafuta yake kwa dozi ni kitu kingine, aache.

Na chupa uliyonunua ina nini hasa? Thaimokwinoni haipendi mwanga wala joto, tafuta chupa nyeusi au ya kahawia, kile kichupa cheupe kinachoshinda juani kwenye meza ya barabarani hata kama kilikuwa habasoda halisi kimeshachoka. Na kiasi chake kinatofautiana mno kati ya kampuni na kampuni, acha wanaochanganya na alizeti.

Kwenye ngozi ndo nimekuta vitu viwili ambavyo natamani kila mzazi avijue. Ufilipino mwaka 2014 watoto 117 wenye pumu ya ngozi nyepesi mpaka ya wastani walipakwa mafuta ya nazi safi ya kukamua bila moto au mafuta ya madini, wiki nane, na waliopakwa nazi wakapata nafuu kubwa zaidi, ngozi ikashika unyevu vizuri. Sisi nazi tunayo hapa nyumbani, bei yake inaeleweka. Halafu mafuta ya zeituni ambayo watu wanayaheshimu na kuyanunua ghali kupaka vichanga, watafiti wa Uingereza mwaka 2013 waliyapaka kwenye mikono ya watu wazima kwa wiki kadhaa wakakuta yanadhoofisha ule ukuta wa juu wa ngozi, hata kwa wasio na tatizo. Kula zeituni, ni nzuri, ila kama mtoto ana pumu ya ngozi usimpake hayo. Na hata hiyo nazi ni ya kulainisha, mtoto akipasuka vidonda vinatoa maji au usaha kimbia hospitali, hapo kuna bakteria.

Chunusi nazo ni uvimbe. Mafuta ya titrii yalipimwa Australia mwaka 1990, jeli yenye asilimia 5 ikapambanishwa na benzoili peroksaidi, dawa ya kawaida ya chunusi, kwa watu 124, zote mbili zikapunguza chunusi, ya titrii ilichelewa kidogo ila ikaunguza ngozi kwa watu wachache zaidi. Tazama hapo, asilimia 5, haikuwa mafuta yenyewe yamekolea. Ukiwa nyumbani hesabu rahisi ni hii, kijiko cha chai cha mafuta ya nazi kina kama matone 100, kwa hiyo tone moja la mafuta ya mvuke ni asilimia 1, matone mawili asilimia 2, na kwa ngozi ya mwili usizidi hapo. Paka kwanza kidogo ndani ya mkono, subiri siku mbili. Habasoda nayo, ijapokuwa ni ya kukamua, imewahi kuripotiwa kuleta malengelenge makali kwa waliopaka, kwa hiyo jaribio hilo ni la kila chupa.

Magoti ya wazee. Nyonyo, ufuta, habasoda, ukichua kwa mafuta ya uvuguvugu utapata nafuu na sehemu kubwa ya nafuu hiyo inatokana na kule kuchua na joto, sina ugomvi nako kabisa, mchueni bibi, anastahili. Kwenye kumeza kuna kitu kimoja cha parachichi ambacho kinauzwa Ufaransa miaka mingi kwa jina la Piascledine, miligramu 300 kwa siku, theluthi moja ni ya mafuta ya parachichi na theluthi mbili ya soya, ila ni ile sehemu ndogo ya mafuta ambayo haiwezi kugeuka sabuni, huipati hiyo kwa kunywa mafuta ya parachichi ya dukani. Baadhi ya tafiti zilionyesha inapunguza maumivu ya goti kiasi, ule mkubwa wa nyonga uliochukua miaka mitatu na wagonjwa 399 haukuonyesha kwa jumla kwamba inapunguza kulika kwa kiungo kwenye picha za eksirei. Kiasi, ndo neno lake.

Na kuna mfano mmoja wa Uingereza huwa nautoa kwa wanaosema "kama haisaidii isingeuzwa". Mafuta ya mbegu za ua la ivining primrozi yaliuzwa kule kama dawa kamili ya pumu ya ngozi, na leseni yake, madaktari wanaandika. Mwaka 2002 mamlaka ya dawa ikaifuta leseni kwa sababu ushahidi haukutosha, na mwaka 2013 Cochrane, kundi la kimataifa linalopitia tafiti za tiba, wakakusanya tafiti 27 wakakuta haina tofauti na kidonge tupu. Kuuzwa sio ushahidi, hata kwenye duka lenye kiyoyozi.

Kitu kingine ambacho kinanitia hofu kweli ni dawa ya viungo ya asili inayofanya kazi haraka mno. Mtu ameumwa miaka, anakunywa siku mbili maumivu kwisha, anasifia mtaa mzima. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa Marekani, FDA, ilitoa onyo juu ya bidhaa inaitwa Artri King iliyokuwa inauzwa kama ya asili kwa maumivu ya viungo, walipoipima wakakuta ndani mna deksamethasoni na diklofenaki ambazo hazikuandikwa popote. Deksamethasoni ni steroidi kali, ukiitumia muda mrefu uso unavimba unakuwa mviringo, sukari inapanda, mifupa inalika, na ubaya mkubwa zaidi ni kwamba ukiikatisha ghafla mwili unaweza kuporomoka kwa sababu umeshaacha kutengeneza ya kwake. Kwa hiyo ukiwa na hisia kwamba ulichokuwa unakunywa kina kitu, usitupe tu chooni ukanyamaza, nenda na chupa kwa daktari akupunguzie taratibu. Tanzania dawa ya asili inatakiwa ipitie Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lipo kwa sheria ya mwaka 2002, Kenya ni Pharmacy and Poisons Board, angalia namba ya usajili na kama muuzaji anakasirika ukiuliza ondoka.

Kujifukiza mkaratusi, hili tulilijua sana 2020 wakati wa nyungu. Kwa mafua ya mtu mzima mvuke unafungua pua. Kwa mwenye pumu harufu kali inaweza yenyewe kuamsha shambulio, na kichwa kikiwa chini ya blanketi na sufuria ya moto mtu anabanwa na kuungua juu yake. Mtoto usimfunike kwenye nyungu hata kidogo, na chini ya miaka miwili usimpake mkaratusi wala kafuri kifuani au puani.

Nimeacha watoto mwisho kwa sababu ndo wanaokufa. Mwarobaini majani yake tunaoshea, sawa, lakini mafuta ya mbegu zake hayanywewi na mtoto. Mwaka 1981 jarida la Lancet lilichapisha taarifa kutoka Malaysia ya vichanga 13 walionyweshwa mafuta hayo na wazazi kwa kikohozi na vijiugonjwa vidogo, ndani ya masaa wakaanza kutapika, kusinzia, degedege, ubongo na ini vikapigwa, na wengine hawakupona. Hao wazazi walikuwa wanatibu kama walivyotibiwa wao. Mkaratusi, mililita chache tu zikimezwa zinaweza kuleta degedege, kafuri vivyo hivyo na inaanza ndani ya dakika. Karafuu, mililita 5 mpaka 10 zimeripotiwa kuua ini la mtoto mdogo, yaani kijiko kimoja au viwili vya chai. Kwa hiyo yakae juu, mbali, yasiwekwe kwenye chupa ya soda wala karibu na dawa ya kikohozi, na jino likimuuma mtoto usimwekee pamba ya mafuta ya karafuu mdomoni, ataimeza.

Akimeza usimtapishe, mafuta yatapita njia ya hewa yaende kwenye mapafu na hilo ni tatizo la pili juu ya la kwanza. Usimpe maziwa wala mafuta mengine "kuzimua sumu". Mbebe muende muda huohuo hata kama anacheka na anacheza, na beba chupa yenyewe, kwa sababu daktari akijua ni karafuu kuna dawa inaitwa N-asetilisisteini, ileile wanayompa mtu aliyezidisha paracetamol, na inafanya kazi vizuri zaidi ikiingia kabla ini halijaanza kuharibika.